Jino la Mama Mtu

Fundi wa plasta katika kliniki ya kunyoosha meno alikuwa na kichwa kigumu kama plasta yenyewe: jino likipinda, linyooshwe, basi! Mkewe alikuwa na jino la mbele lililopanda juu ya jirani yake, na binti yao akalirithi vilevile.

"Mwachie mtoto jino langu," mkewe alimwomba.

"Nawe umezidi!" fundi alifoka, akampeleka binti kufungwa waya.

Kabla ya waya alitengeneza mfano wa meno ya binti kwa plasta, akauweka rafuni. Waya zilipotolewa, meno yalikuwa yamejipanga sawasawa. Pale kliniki, mgonjwa akimaliza matibabu, mfano wake huvunjwa kupisha mwingine. Fundi aliuvunja kwa nyundo huku akipiga mluzi, roho kwatu.

Mwaka huohuo mkewe akafariki. Picha alizoacha ni chache, na zote amefumba mdomo.

Siku hizi binti akicheka mezani, fundi hugeukia ukutani.

"Baba, mbona nikicheka huniangalii?"

"Vumbi la plasta, mwanangu," anajibu. "Limeniingia machoni."