Gari la Wazi Kwenye Barabara ya Malinya

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, na mkono wangu huenda polepole. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijalewa wala sijalala. Ukitaka kucheka, cheka, ila usome mpaka mwisho.

Baba aliniachia gari la zamani, lile la paa la turubai linalokunjwa nyuma. Hebu fikiria gari kama hilo hapa Kakamega, mvua inaponyesha karibu kila alasiri! Majirani waliliita Kipara. Hata hivyo nililitunza miaka mingi. Kabureta nilisafisha, gasketi nilibadilisha, turubai nilishona kwa sindano ya magunia. Halikuwahi kukataa kuwaka hata mara moja. Niamini.

Kwa nini niliuze basi? Nilikuwa fundi wa magari kando ya barabara, na mvua ikija, kazi imekwisha. Karibu na soko kulikuwa na kibanda cha mabati. Mwenyewe alisema nisipolipa kabla ya mwezi kuisha atampa fundi mwingine. Sikuwa na kitu kingine cha kuuza.

Mnunuzi alitoka Lumakanda, mkulima wa mahindi aitwaye Mzee Wafula. Alitaka gari la kubebea maharusi. Akalizunguka, akapiga tairi teke.

"Kijana, rangi haipandi mlima. Nipeleke penye mlima nisikie."

Tukashika barabara ya Malinya. Mawingu yalikuwa yamejaa. Kwenye njia panda moja alisimama kukhu, yaani bibi mzee, mwenye leso ya kijani kichwani, akainua mkono. Mimi siwezi kumpita mzee. Nikasimama, nikashuka, nikakunja kiti changu ili apite nyuma. Aliinama aingie, akamwona Mzee Wafula. Hapo hapo akarudi nyuma akijifunika uso.

"Mjukuu wangu, unataka kuniaibisha? Huyo ni mkwe wangu. Ashuke kwanza."

Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono wala hawakai karibu. Ni heshima. Kwa hiyo nilicheka tu.

"Mzee, mama mkwe wako anasema ushuke."

"Mama mkwe gani? Sioni mtu hapo. Endesha, mvua inakuja!"

Nikageuka. Kukhu alikuwa amesimama pale pale. Injini ikazima yenyewe. Nikajaribu kuwasha, kimya. Nikafungua boneti: plagi zinatoa cheche, mafuta yapo. Mvua ikaanza, nikavuta turubai, nalo likakwama.

"Kumbe unaniuzia karai!" Mzee Wafula alifoka, akashuka kwa hasira.

Nikazungusha ufunguo. Gari likawaka. Akapanda, likazima.

"Mzee, hebu shuka tena."

Likawaka. Akapanda, likazima. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Mzee Wafula aliniuliza kwa sauti ndogo, "Huyo mama amevaa nini?" Nikamwambia leso ya kijani, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimepinda hakinyooki. Akavua kofia.

"Nilimtorosha binti yake, Rosa, nikamwoa. Huyo mama amekwisha kuzikwa, na mpaka leo sijakanyaga kwao. Boma lao ni lile pale juu."

"Basi mzee, itabidi utembee."

Kukhu akapanda, naye mzee akatembea nyuma ya gari, kwenye mvua. Mimi niliendesha polepole, na kukhu amekaa nyuma yangu akiimba kidogo kidogo. Tulipofika langoni nikageuka nimfungulie. Hakukuwa na mtu. Shati langu lilikuwa linachuruzika maji, lakini pale alipokaa kiti kilikuwa kikavu kama unga.

Kaka yake Rosa alitoka na mwavuli, mgeni akajitaja jina.

"Wewe ndiye Wafula? Miaka yote tunangoja uje na ng'ombe, leo unakuja na matope!"

Kisha akacheka, akamwingiza ndani, akampa shati kavu na chai. Mimi nilijua biashara imekufa. Nani atanunua gari la namna hiyo?

Lakini kabla ya mwezi kuisha Mzee Wafula alirudi na Rosa. Nilimpeleka Rosa kwenye kaburi la mama yake, amekaa mbele, turubai limekunjwa. Alilia kwenda na akacheka kurudi. Mume wake alitufuata kwa bodaboda. Jioni ile ile akanilipa bei ya gari, kwa kuwa lilimfikisha mke wake kwao.

Sasa nafanya kazi chini ya mabati, na nimeajiri fundi mmoja. Gari si langu tena, lakini kukiwa na harusi upande wa Malinya, Mzee Wafula huniita niendeshe. Yeye mwenyewe barabara ile gari halijakubali kumbeba mpaka leo. Na mimi siku nyingine husikia mtu akiimba nyuma yangu, na maharusi wako kimya. Sigeuki.

Wewe unayepita huko, ukimwona kukhu wa leso ya kijani usimpite, ila muulize kwanza kama kuna mkwe wake garini. Na kama kuna boma la wakwe unalolikwepa, nenda mapema, wakati mama bado anaweza kukumiminia chai kwa mkono wake.

Kama nawe umewahi kumbeba, tafadhali niandikie, hata mistari miwili tu, uniambie alikwambia nini.