Alama Iliyokwaruzwa kwa Mkono Mwingine

Aliyeniangusha ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Jina silitaji kwa heshima ya mke wangu tu. Kata nzima ya Mchafukoge inamjua, na akisoma hapa atajijua.

Mimi darasa la saba sikumaliza. Ufundi nimeuokota mezani, Kariakoo, spika moja baada ya nyingine, miaka ishirini na kitu. Shemeji alikuja na cheti na laptopu, nikampa nusu ya meza. Tukaanza kutengeneza kidude cha kupachika kwenye spika za wamachinga: chipu ndogo unayoiandikia programu, na kioo kinachoonyesha betri imebaki na volti ngapi. Programu yeye, kuchomelea mimi.

Kidude cha kwanza tu kikanitia wasiwasi. Spika imezima, kioo kinasema betri imejaa. Nikaweka mita yangu, betri iko chini kabisa. Nilihangaika siku mbili mpaka nikaelewa. Chipu inakula umeme wa betri ileile inayoipima, na umeme huohuo ndio futi yake. Betri ikishuka, futi nayo inasinyaa. Ni kama fundi cherehani anayekupima kwa futi inayopungua pamoja na wewe. Hutakonda hata siku moja.

Dawa ipo. Ndani ya chipu kuna kiasi kidogo cha volti kisichoyumba betri ikishuka. Unakipima kwa mita, unakiandika kwenye programu, kinakuwa ndiyo futi. Ila hakilingani chipu kwa chipu, kwa hiyo kila kidude lazima ukipime peke yake.

"Utazeekea hapo na mita yako, shemeji," akaniambia. "Mmachinga atajua volti imekosewa nukta mbili?"

"Anajua spika ikizima."

"Haya, mzee wa vipimo. Nitapima vyote."

Nikamwamini.

Pale kwetu fundi anayekimalizia kitu na kukifunga hukwaruza alama yake ndani ya kifuniko, ili kitu kikirudi ijulikane ni cha nani. Yangu ni mistari miwili na duara.

Wa kwanza kurudi alikuwa mama mmoja muuza madera. Koo lake lilipasuliwa, anaongea kwa kunong'ona. Spika ndiyo inamwitia wateja, kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi kabla ya upasuaji. Akaitua mezani kwa kishindo.

"Fundi, dude lako linasema imejaa. Nimesimama Mnazi Mmoja kama bubu."

Jirani wa meza ya pili akadakia: "Leo mzee wa vipimo kapimwa yeye!" Watu wakacheka.

Nikafungua kifuniko. Mistari miwili na duara, na kile kidude sikukipima wala kukifunga mimi. Nikamwita shemeji. Akainama, akatazama taratibu kama daktari.

"Hii si alama yako, shemeji? Si nilikwambia vya kwako urudie kuvipima?"

Vikarudi vingine, vyote na alama yangu. Vichache ambavyo shemeji alivipima kweli alivikwaruza alama ya kwake, na hivyo havikurudi.

Kuna na mwenyekiti wetu wa mafundi. Alinivuta pembeni akanong'ona kwamba alimwona shemeji akikwaruza. Nilipomwomba aseme mbele za watu, akainamia simu yake. Na yeye namhesabu kati ya walioniangusha.

Ningeweza kuikana ile alama. Lakini nikiikana moja, zile za miaka yote nani ataziamini? Nikamwambia yule mama, "Kazi yangu hiyo. Niachie mpaka saa nane." Nikakipima kidude, nikaandika kipimo chake upya kwenye programu, nikamrudishia. Vilivyobaki nikafanya hivyohivyo, kimoja kimoja, huku shemeji akihamishia wateja kwenye duka lake jipya.

Mke wangu ananiambia damu nzito kuliko maji. Ni damu yake, si yangu.

Yule mama bado anapita mtaani kwetu. Sauti yake inaita madera tangu asubuhi mpaka jioni, haikati. Akikaribia meza yangu, anavuka upande wa pili.