Muhuri wa Nyuma ya Bahasha

Hapa Kamina, ukiuliza kwa nini mtu fulani hakuandika, utajibiwa kwamba posta ilikufa. Mtoto alikwenda Lubumbashi akanyamaza: posta. Mchumba alioa mwingine huko Likasi: posta. Nimefundisha historia katika mji huu mpaka mvi zikanishika, na jibu hilo lilikuwa linanichoma roho, kwa sababu hakuna aliyeweza kuniambia posta hiyo ilikufa lini. Mbuzi wa jirani akifa, tunajua siku yake na aliyekula maini.

Nilipoacha ubao nikaanza kutafuta. Stempu, timbre tunavyosema sisi, nilikuwa nazo tangu utoto. Nilizibandua kwa maji ya sahani na kuzikausha juu ya gazeti, kazi ya kipumbavu, maana stempu iliyobanduliwa haisemi kitu. Inayosema ni bahasha nzima. Mbele kuna muhuri wa mahali barua ilipotoka. Nyuma, kama ilipita mikononi mwa makarani wetu wa zamani, kuna muhuri wa pili, wa Kamina, wenye tarehe barua ilipofika. Kwa hiyo ukipewa bahasha, usikae kusifu picha ya stempu. Igeuze.

Bahasha nzima nilizipata kwa shida. Familia za Kimethodisti, walimu na makarani, zilizitunza kwenye masanduku, lakini kabla ya kunipa walitaka kwanza kunisomea barua yote pamoja na salamu za kila shangazi. Wakulima Wakatoliki wa vijiji vya pembeni walikuwa wanawekea mbegu ndani yake. Nimemwaga mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu, kwa mikono yangu mwenyewe, mwenye shamba amenikazia macho, nikamwachia bahasha mpya. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, weye iko muzima kweli? Unabeba ya zamani, unaniachia ya mupya?"

Aliyeipenda kazi hii kuliko mimi alikuwa dada yangu mkubwa. Tunaishi naye uwanja mmoja. Alipokuwa bado msichana aliolewa na mtu wa reli, na kabla hawajapata mtoto mume akahamishiwa Luena. Alisema akishapata nyumba atatuma barua ya kumwita. Kwetu mke aliyeambiwa "nitakuita" hajipeleki. Anangoja. Akijipeleka amejishusha, na ukoo wake umeshuka naye. Baba yetu alikuwa mkali sana juu ya hilo, na dada alikuwa mkali kumshinda baba.

Barua haikuja. Watu wa reli waliopita hapa walisema hawamjui huyo bwana, wengine walitazama chini. Wanaume walikuja kumposa, akawarudisha: "Miye niko bibi ya muntu." Pale robine, tunapochota maji, wanawake walimcheka na ndoo zao vichwani. Yeye aliwajibu lilelile, kwamba bwana wake alimwandikia, posta njo ilikufa. Alizeeka na jibu hilo mdomoni.

Ndiyo maana alikuwa anafuta meza yangu kila asubuhi. Alijifunza kusoma mihuri, akawa na jicho zuri kuliko langu. "Uandike muzuri ile mwaka posta ilikufa," aliniambia mara nyingi. "Bale bamama ba ku robine basome." Alitaka kitabu changu kimtetee. Mimi nilikuwa nafurahi kuwa na msaidizi.

Kisha mjane mmoja akanipa mfuko wa bahasha za marehemu mume wake. Huyo mume alikuwa karani hapa Kamina, na ndugu yake aliyefanya kazi Luena alikuwa anamwandikia. Nilizimwaga mezani mchana, jirani akaniita kwenye ua wake kwa jambo la kuku, nikaenda. Niliporudi dada alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa anageuza bahasha moja moja, kama nilivyomfundisha.

"Hii inatoka Luena?"

"Luena, yaya," nikamjibu dada.

"Na hii ya nyuma njo ya hapa?"

"Ya hapa."

Tarehe za mbele na za nyuma zilipishana kwa siku chache tu. Na zilikuwa bahasha za miaka ileile, mwaka baada ya mwaka, tangu dada alipokuwa na uso wa msichana mpaka alipoanza kufunga kitambaa kuficha mvi. Luena iliandika. Kamina ilipokea. Niliogopa, nasema wazi. Nikaanza kubabaisha kwamba mihuri inaweza kukosea, kwamba huenda barua za makarani zilipitia njia nyingine.

"Nyamaza kwanza," akasema.

Alimaliza zote. Akazipanga sawasawa, pembe kwa pembe.

"Posta haikufa," akasema. "Basi yeye njo alikufaka. Muntu muzima hawezi kukosa kuandikia bibi yake ile myaka yote."

"Yaya, muhuri hausemi hivyo."

"Unasema nini, basi?"

Muhuri unasema habari za barua iliyotumwa. Ile ambayo hakuna aliyekaa kuiandika haina muhuri, na mkusanyaji kama mimi hawezi kuiweka kwenye albamu. Hilo nililijua, na yeye alilijua pia, nadhani, maana alinitazama kwa namna ya kunikataza. Nikazirudisha bahasha kwenye mfuko wa mjane.

Kesho yake alinyoa nywele, akatandika mkeka uani, akakaa kilio. Pasta alikuja akauliza maiti iko wapi. Dada akamwambia iko Luena, na udongo wa Luena unatosha. Pasta alikuna kichwa, kisha akafungua kitabu cha nyimbo. Watu wa hapa hawakatai kilio cha mtu. Wanawake walewale wa robine walileta makaa na unga, wakasonga bukari, wakalala naye kwenye mkeka, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Wahenga husema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Kwetu walianza wa mbali. Mfiwa alikaa macho makavu siku zote hizo, akiitikia pole kwa kichwa.

Habari ilishuka na reli mpaka Luena. Siku ya kuvunja kilio, mtu mmoja mwenye vumbi la safari alisimama kwenye mlango wa uwanja na mfuko mdogo mkononi. Nilimtambua kwa paji la uso. Alikuwa mdogo wa yule bwana, shemeji yetu. Aliangalia mkekani, akamwona dada yangu, akajishika mdomo. Niliwahi kumfikia kabla ya wengine.

"Nani alikufa?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Kule tulisikia kilio iko kwa mwalimu. Mukubwa wangu alisema hii itakuwa bibi yake wa kwanza. Alinituma nione, nipeane pole."

"Mukubwa wako yuko?"

"Iko. Miguu tu njo inamusumbua. Batoto yake banamuangalia."

Hasira ilinipanda. Miaka yote ile, na neno la kwanza kutoka kwake lilikuwa kuuliza kama mwenzake amekwisha kufa. Nilitaka kumshika huyu mjumbe shingo, ingawa maskini hakuwa na kosa. Nikamshika mkono.

"Mwambie ni kweli," nikasema. "Mwambie ni yeye tumemlilia. Na hapa kwetu usifungue mdomo."

Akakubali kwa kichwa. Lakini mtu hawezi kufika kwenye kilio akageuka bila kumpa mfiwa mkono, kwa hiyo alitembea mpaka mkekani, akapiga magoti, akaushika mkono wa dada yangu kwa mikono yake miwili. Dada alimtazama usoni muda mrefu, paji lile, pua ile. Ndugu wa bwana wake ametoka Luena, amepanda treni, amekuja kumpa pole ya ujane. Hapo ndipo alipolia.