Mstari Mmoja

Mimi nilimaliza fomu foo. Ndiyo maana mama mkwe, pale kwetu Butiama, kila karatasi alikuwa ananipa mimi nimsomee. Na ndiyo maana mbuzi wake wamekufa.

Walianza wawili: makamasi, macho yamejaa tongotongo, kuhara. Mama akawatenga nyuma ya jiko. Bwana mifugo akaja, akawafuta macho kwa pamba, akaipeleka maabara Musoma. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Majibu yametoka. Umeonekana mstari mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja, tena safi kabisa."

Nikashukuru, nikakata. Kipimo cha malaria, mstari mmoja huna kitu. Cha mimba vilevile, hicho nakijua sana. Nikamwambia mama, "Wazima hao. Wafungulie."

Akacheka. "Ndiyo faida ya kuoa msomi hii!" Akawachanganya na wenzao.

Wiki tatu, zizi tupu. Hata yule jike wa maziwa ya uji wa binti yangu.

Nilienda Musoma na hasira zangu. Mtu wa maabara akanionyesha kisahani chenye jeli iliyoganda, imetobolewa matundu.

"Tundu hili, majimaji ya pamba ya mbuzi wako. Hili, maji ya damu yenye kingamwili, askari wanaoujua huo ugonjwa. Ugonjwa na askari wanatambaa ndani ya jeli, kila mmoja anatoka kwake. Wakikutana wakatambuana, wanakamatana, hawaendi tena. Wanaganda palepale."

Akakiinua dirishani. Kati ya matundu, kauzi keupe, kembamba.

"Na kama ugonjwa haupo?"

"Askari atamkamata nani? Panabaki patupu."

"Kwa hiyo mmoja…"

"Ni sotoka ya mbuzi, dada."

Nilimbana bwana mifugo: mbona hukusema sotoka? Mdomo ulikuuma?

"Si ulikuwaga unaniambia umesoma? Na ukashukuru!"

Ningemzaba kibao. Lakini aliyesema "wafungulie" si yeye.

Mama hakunigombeza. Bora angenitukana. Jana katoka kliniki na dawa zake za presha. Nilikuwa uani namenya mihogo. Akanipita, akasalimia vizuri tu, akaenda hadi kwa jirani, aliyeishia darasa la saba.

"Jirani, hebu nisomee hapa. Kutwa mara ngapi?"

Niliendelea kumenya.