Ordinateri Inanionyesha Mutoto Wetu, na Bwana Yangu Anataka Niitengeneze

Admin, jina langu ulifiche sawasawa, juu muji wetu wa Kasongo ni kadogo na bwana yangu anasomaka hii page kuliko hata mimi. Niko muke wa miaka makumi tatu na ine, Muislamu, nilizaliwa hapa hapa. Niko na secrétariat public karibu na soko: naandikia watu barua, natoa photocopie, napanga foto za harusi. Ordinateri ni moja tu. Iko na Linux, programu kubwa ya kuiendesha, juu ile ya zamani flash za wateja ziliijaza virusi mpaka ikakufa, na mimi njo ninaishugulikia, si bwana. Yeye kazi yake pale ni kucheza. Kila alasiri anakuja na mchezo wake wa kuendesha malori, barabara nzuri za lami, hakuna matope, hakuna daraja lililovunjika. Juu ya mchezo ule alinunua carte graphique iliyotumika, kile kipande cha ndani kinachochora picha, akaileta kutoka Bukavu ndani ya nguo. Inatembea na pilote ya bure, ile programu inayokuja na Linux yenyewe kusaidia ordinateri isikilizane na carte.

Tulikuwa na mutoto mumoja, musichana. Nitamuita Zaina, haiko jina lake. Wakati wa likizo alienda kwa nyanya yake Kabambare, homa ikamushika kule. Baba yake alikuwa kule kwa biashara, mimi nilikuwa huku. Waliponipigia simu nilipanda pikipiki na mvua yake. Upande wa Lusangi tulizama ndani ya matope, tukaisukuma, tukazama tena. Nilipofika walikuwa wanarudisha majembe. Kwetu maiti haingojeshwi, na mimi silaumu hilo. Lakini sikumuona mutoto wangu.

Nilimuuliza bwana, "Hata foto moja hukupiga, niuone uso wake?"

Akasema, "Nani anapigaka foto ya maiti? Hakuna foto."

Nikaamini. Tangu ile siku jina la Zaina halitajwi nyumbani. Zamani aliniita mama Zaina, sasa ananiita bibi, na kila akisema bibi nasikia kama analifunika lile kaburi upya. Sijamuambia hivyo.

Sasa musikilize. Bwana akimaliza kucheza anaenda musikitini, mimi naingia kumalizia kazi za wateja. Mchezo unaachaka ordinateri nzito, basi naiwasha upya, bila kukata umeme. Siku moja, mbele ya ordinateri kuwaka kabisa, écran, kile kioo chake, ikajaa vipande vya picha, kufumba na kufumbua, kisha vikapotea. Niliona kitu cheupe na ngozi ya mutu. Nikafikiri bwana anaangalia wanawake. Nilikasirika, nikamunyima chai. Heri ingekuwa wanawake.

Siku zingine vikarudi. Kitambaa cheupe. Pembe ya mukeka wa zambarau, ule wa mama mukwe wangu kule Kabambare, naujua, nimelala juu yake. Kisha mukono mudogo, wazi, na kamba ya shanga nyekundu niliyoifunga mimi mwenyewe siku anapanda pikipiki kwenda. Niliteremuka kwenye kiti nikakaa chini, muteja akaniuliza kama niko mugonjwa.

Dada yangu akasema roho ya mutoto inatangatanga juu mama yake hakumuaga. Nikamuita mwalimu wa madrasa, akasoma, tukachoma ubani mpaka imprimante, mashine yangu ya kuchapa, ikanuka ubani. Mukono ukarudi. Nikaanza kuuogopa na kuungojea. Nilifika mahali pa kumuharakisha bwana aende kusali, nipate kuwasha upya.

Kilichonifungua macho ni harusi ya watu. Nilikuwa napanga foto za bibi arusi, ordinateri ikakwama, nikaiwasha upya, na écran ikanitupia vipande vya gauni na keki. Nikajaribu na foto ingine, ikawa vile vile. Nikatafuta kwenye internet mpaka mega zikaisha. Kumbe pilote yetu haifuti kumbukumbu ya carte. Kile mutu alikiangalia mwisho kinabakia mule, na ordinateri ikiwaka kinajitokeza kidogo.

Basi si roho. Ni baba yake. Foto ziko. Kila alasiri anaegesha lori lake la mchezo, anamuangalia mutoto wangu, anafunga, anaenda kusali. Na mimi aliniambia hakuna.

Juma hili amekuja na flash. Akasema, "Bibi, uweke hii pilote mupya ya kampuni iliyotengeneza carte. Mchezo utaenda mbio, na ule uchafu wa écran utaisha."

Nikamuuliza, "Unauonaka nawe ule uchafu?"

"Naonaka. Ni carte imezeeka." Alikuwa anaangalia ukuta.

Flash iko hapa mbele yangu. Nikiweka, hata ule mukono sitauona tena. Nywila kubwa ya ordinateri ninayo mimi. Naweza kuingia ndani ya mafaili yake sasa hivi, na dada yangu anasema niingie, mutoto ni wangu. Lakini nataka baba yake anionyeshe mwenyewe, tukae wawili, alie mbele yangu. Nikimuuliza naogopa atazifuta kwa haya. Kila siku ananiuliza, "Umeisha kuweka?" na mimi namudanganya kwamba flash inagoma kusoma.

Ninyi wenye kufiwa na mutoto, ninyi wenye bwana asiyesema, munishauri. Niingie, nimuulize, ao niweke pilote ninyamaze?

Na kama ni wewe, baba Zaina, na umesoma mpaka hapa, umejua ni mimi. Leo ukimaliza usifunge foto. Uiache wazi pale, na usiende musikitini bila mimi kufika.