Nilimwibia Ndugu Yangu Betri ya Saa

Mimi ni mwizi. Sitaki kuanza kwa kuzunguka, nimezunguka vya kutosha maishani. Niliiba kitu kidogo kama kifungo cha shati, na niliyemwibia ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Majina nayaficha. Huyo mdogo wangu nitamwita Ombati. Kwetu ni upande wa Nyamira, si mbali na Kebirigo, na tumelelewa kwa majani chai na ndizi kama majirani zetu wote. Katika ile miaka ya tisini mjomba wetu alikuja kutoka Nairobi na saa mbili za mkononi, nyeusi, za tarakimu, za aina moja. Moja yangu, moja ya Ombati. Zilikuwa na taa, kengele na mahali pa kuhesabu muda. Jamani, tulijiona sisi ndio sisi!

Ombati alikuwa mkimbiaji, na saa yake ilikuwa ya kazi. Hakuwa na mwalimu wala uwanja wa kupimia. Alichokuwa nacho ni barabara na nguzo za stima. Aliitega saa ilie kila dakika moja, kisha akahesabu nguzo alizopita kati ya mlio na mlio. Kwenye mteremko nguzo sita, kwenye mlima tano. Akizidisha anajizuia, akipunguza anaongeza. Alikuwa na mbio nyingi mwilini kuliko akili ya kuzigawa, na alijijua hivyo. "Kaka, bila hii saa mimi ni ng'ombe aliyekata kamba," aliniambia.

Yangu ilikuwa ya maringo matupu. Nilikuwa naimba kwaya katika kanisa letu la Sabato, na kulikuwa na msichana wa sauti ya kwanza, nitamwita Kerubo. Nilibonyeza taa mchana kweupe ili aone. Niliacha kengele ilie kila saa, hata wakati wa maombi, halafu nikajifanya nashtuka kuizima. Mjinga mimi!

Basi likaja tangazo. Timu moja ya mbio, ya shirika la serikali, ingewachukua wakimbiaji wanne na kuwapa ajira. Mashindano ni Jumapili, kutoka uwanja wa Kisii kuteremka hadi Nyakoe, kisha kupanda kurudi. Ombati alienda kuikimbia njia ile mara tatu, akihesabu nguzo. Nyumbani baba aliacha hata kumtuma kubeba majani chai mazito. Sote tulijua hii ndiyo nafasi yake, na haitakuwa rahisi kupata nyingine.

Makambi ya kanisa, mkutano wetu mkubwa wa mwaka, yalikuwa Sabato ya wiki hiyohiyo, yaani Jumamosi. Na saa yangu, kwa kubonyezwa ovyo, ikaanza kufifia.

Alhamisi nikaenda mjini Kisii kwa mama mmoja wa Kihindi aliyeuza na kutengeneza saa. Aliifungua, akaipima betri, akatikisa kichwa.

"Wewe nabonyeza taa, nabonyeza, nabonyeza! Betri nakufa sasa."

"Nipe nyingine, Mama."

"Hii saizi hapana. Mzigo nakuja wiki ijayo." Akanirudishia, halafu akaniinulia kidole. "Sikiza. Namba bado naonekana. Lakini kengele ikilia, ikilia, basi. Nazima yote."

Nataka myashike maneno hayo, kwa sababu mimi niliyashika. Sikufanya nililofanya kwa kutojua.

Jioni hiyo Ombati alikuwa ameenda kuwasalimu wenzake kwenye kituo cha kununulia majani chai, saa ameiacha kitandani. Nilichukua bisibisi ndogo ya cherehani ya mama, nikafungua saa yake, nikafungua yangu, nikabadilisha betri, yake kwangu, yangu kwake. Nilijiambia namba zinaonekana, itamfikisha tu, wiki ijayo nitamnunulia nyingine. Kwa ajili ya kengele ya kumringia msichana!

Ijumaa alasiri moyo ulianza kunisuta. Ombati alikuwa amelala chali kwenye nyasi, anapumzisha miguu, anazitaja nguzo za Nyakoe kwa sauti ya chini. Nikasema nitarudisha betri yake baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema ngoja nioge. Nilipotoka kuoga jua lilikuwa linazama, mama anatuita ndani tuikaribishe Sabato.

Na hapo ndipo nilipojidanganya vizuri kuliko siku zote. Nilisema kufungua saa kwa bisibisi ni kazi, na kazi Sabato hairuhusiwi! Mwizi mzima, nina mali ya wizi mkononi, naogopa kuvunja Sabato kwa kuirudisha. Nilikunja mikono nikaimba.

Kesho yake kwenye makambi saa yangu ililia kama mpya. Kerubo akaniomba aivae kidogo. Tulipokuwa tunaagana akasema, "Niachie mpaka kesho, nitakurudishia." Ningeweza kukataa. Nilisema, "Chukua tu, ni yako." Betri ya ndugu yangu ikaondoka ikiwa mkononi mwa Kerubo.

Sabato ilipotoka, Ombati alichukua saa yake akaitega tayari kwa asubuhi. Akaisogeza karibu na taa ya mafuta.

"Kaka, ya kwako iko sawa? Naona hii kama imefifia."

"Ni mwanga wa taa huo. Nenda kalale."

Akalala. Aliniamini, mimi ndiye mkubwa.

Jumapili nilisimama Nyakoe, pale wakimbiaji walipogeukia. Nilikuwa nawaangalia wakiteremka. Aliyekuwa mbele alikuwa peke yake, amewaacha wenzake mbali mno, na watu wakaanza kupiga kelele. Ni Ombati! Watu wa Nyamira waliruka juu. Mimi sikuruka, kwa sababu nilimwona anapigapiga mkono wa kushoto kwa kiganja cha kulia. Anapiga, anaangalia, anapiga tena.

Alipogeuka macho yetu yalikutana. "Imezima!" alinipigia kelele. "Nimepita ngapi?"

Hata kama ningekuwa nimezihesabu nguzo, nisingejibu. Ningesema, "Polepole, Ombati, jizuie, mlima bado." Maneno machache tu! Lakini niliona kama nikifungua mdomo litatoka lile jingine, la betri. Akapita.

Nilimfuata kwa miguu kupanda. Njiani nilikutana na watu waliokuwa wakirudi kutoka kuangalia, wakisema yule wa mbele amekatika. Nilimkuta ameketi kwenye mtaro, ametapika kifuani. Kumi na kitu walikuwa wamempita. Nilimbeba mgongoni hadi penye kivuli.

"Nyasae one," alisema, yaani Mungu wangu. Kisha akasema, "Si saa, kaka. Ni mimi. Nilisikia watu wakipiga kelele, nikaingiwa na kiburi."

Nilimwambia, "Pole. Usijali." Hayo tu.

Hakukimbia tena. Baba alimwambia ajaribu mwaka unaofuata, akakataa. Alisema mwili wake hauna adabu. Alirudi kwenye majani chai, na vijana wakipita barabarani kwa mbio asubuhi alikuwa anainama zaidi ili asiwaone. Alikuwa na miaka ishirini! Kerubo naye alinirudishia saa wiki iliyofuata, akaolewa Nyamache na mtu ambaye hata saa hakuwa nayo.

Nilinyamaza miaka miwili. Siku moja tulikuwa tunachuma majani chai, mistari yetu imeshikana, na sikujua nimeanzaje, nikamwambia yote. Betri, bisibisi, mama wa Kihindi, taa ya mafuta. Aliendelea kuchuma mpaka nikamaliza.

"Siku ile ulinibeba," akasema. "Ulipokuwa umenibeba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ningejua ni betri, kaka, ningekimbia tena wiki hiyohiyo."

Akachukua kikapu chake akahamia mstari wa mbali. Hakunipiga. Natamani angenipiga! Tangu siku hiyo nikienda kwake ananipa mkono, anamwambia mkewe aniletee chai, ananipangusia kiti kwa kitambaa. "Karibu, mgeni," ananiambia. Mimi! Niliyelala naye kitanda kimoja mpaka nikatahiriwa! Watoto wake wananiamkia kwa heshima, kisha wananiuliza ninaondoka saa ngapi.

Nyinyi mnaosoma, mtu asiwadanganye kwamba kosa dogo litajificha. Uliyemkosea hatakaa tu bila jibu. Atatafuta sababu, na asipokuona wewe atajitwika lawama mwenyewe. Mwambie siku hiyohiyo, hata kama amelala mtaroni na matapiko kifuani. Akishazoea kujilaumu, ukweli wako haumsaidii tena.

Kuna jambo moja sikulitaja hata siku ile kwenye majani chai. Katika miaka miwili hiyo, tukipiga magoti pamoja kila jioni, Ombati alikuwa anaomba kwa sauti Mungu amsamehe kwa kuiangusha nyumba yetu kwa kiburi chake. Nilikuwa karibu naye, bega kwa bega. Na kila alipomaliza, mimi ndiye niliyesema amina.