Mkaguzi na Kilo Zilizozidi

Sokoni walimwita Jicho, na kwa miaka mingi jina hilo lilifika kabla yake. Akiwa bado hajakata kona ya wauza nafaka, mizani zilikuwa zimeshafutwa vumbi, vipande vya sumaku vimeshabanduliwa chini ya sahani, na watu waliokuwa wakipunja tangu alfajiri wameshavaa nyuso za kanisani na msikitini. Alikuwa mkaguzi wa vipimo. Kazi yake ilikuwa kutoamini, na aliifanya vizuri mno hadi ikamwingia mifupani.

Alikuwa na namna yake. Wakaguzi wenzake wakiona mizani imechezewa walifoka hapo hapo. Yeye alinyamaza. Alinunua, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake alirudi, akanunua tena, akaulizia hali ya watoto. Alimwacha mtu auzoee wizi wake, mkono ulegee, ndipo siku moja afike na mawe yake ya kupimia, watu wamejaa, na mwizi hana pa kutokea. Hata shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye bucha, alinaswa hivyo, baada ya kumuuzia nyama wiki nzima huku wakitaniana.

“Mtu ananichekea, anakula kwangu, kumbe ananihesabia mifupa,” shemeji husema mpaka leo.

Alipostaafu alibaki na mawe ya zamani ya chuma, kila moja kilo ishirini, yakiwa yamepangwa chini ya kitanda. Mkewe, fundi cherehani, alijikwaa kidole juu yake mara nyingi kuliko alivyojichoma sindano.

Kisha uchovu ukaja. Fizi zikawa zinatoka damu, mikono ikaota madoa ya zambarau bila kugongwa. Hospitali wakamtoboa mfupa wa nyonga, wakavuta uboho, wakampa jibu: saratani ya damu. Siku ya kuelezwa dawa, alimwacha mkewe kwenye benchi la nje. Hakutaka mtu mwingine asikie maelezo kabla yeye hajayapima.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. “Seli za damu huzaliwa kwenye uboho zikiwa changa, mzee. Halafu zinakua, kila moja inashika kazi yake. Za kwako zimegoma kukua. Zinazaliana tu, zimejaa, na kazi hazifanyi.”

“Nani amezigomesha?”

Daktari alitabasamu. “Swali zuri. Kila seli inayo maagizo yote ya ukubwani mwake. Ila maagizo hayo yanafunguliwa na kufungwa kwa alama ndogo sana, na kuna vimeng’enya vinavyobandika alama hizo na vingine vinavyozibandua. Kwako kipo kimoja kinachobandua alama pale ambapo seli ingepaswa kusoma: sasa kua. Kidonge hiki kinakishika mkono kimeng’enya hicho. Alama zinabaki, seli inasoma, inakomaa.”

“Kwa hiyo haiziui.”

“Haiziui. Zikishakomaa zinafanya kazi, zinazeeka, zinakufa zenyewe, kama za kila mtu.”

Jicho hakuipenda habari hiyo. Dawa ya saratani isiyoua chochote ilimnukia vibaya, kama kipimo kinachomfurahisha muuzaji na mnunuzi kwa pamoja.

“Sasa nisikilize hapa,” daktari akaendelea. “Jipime uzito kila asubuhi. Seli nyingi zikikomaa kwa mkupuo zinaweza kuleta vurugu mwilini, maji yakajaa. Ukiongezeka kilo ghafla, ukivimba miguu, ukipata homa au pumzi ikawa fupi, njoo siku hiyo hiyo. Usilale nayo.”

Alitoka nje. Mkewe akasimama. “Wamesemaje?”

“Wamesema nijipime kila asubuhi.”

“Basi?”

“Basi.”

Mizani ya nyumbani ilikaa kwenye chumba cha cherehani, chini ya dirisha. Vidonge alivimeza, na kwa muda mshale ulisimama palepale ulipouacha ugonjwa: pabaya, lakini palepale. Mkewe alimpikia uji mzito, akamtazama shingo, akageuka kuficha uso. Majirani walishaanza kumsema chini chini kwamba mzee amekauka.

Kisha asubuhi moja mshale ulipanda. Jicho alishuka, akaukung’uta unyayo, akapanda tena. Ulikuwa umezidi. Kesho yake ukazidi zaidi.

“Unaongezeka!” mkewe alipiga makofi kama msichana. “Si nilikuambia uji utakurudisha? Ngoja nimpigie kaka.”

Furaha hiyo ndiyo iliyomwamsha. Alikuwa ameziona furaha nyingi za namna hiyo sokoni, nyuma ya sahani zilizotiwa sumaku. Maneno ya daktari aliyakumbuka vizuri, lakini aliyaweka upande, kwa kuwa kwanza lazima kipimo kiaminike, ndipo uamini kilichopimwa. Na nani alikuwa ameketi peke yake chumba cha cherehani Jumapili, eti anasubiri suruali ipunguzwe? Shemeji. Mtu mwenye mkono wa kuchezea mizani, na kisasi cha zamani. Dada mtu anataka mumewe achangamke, kaka mtu anajua pa kukaza skrubu. Kesi ilijikamilisha yenyewe.

Akafanya alivyozoea. Alinyamaza.

Kila asubuhi alipanda, akaona, akashuka akitabasamu. “Naam, mke wangu, nanenepa.” Mwili ulipochemka aliulaumu mvuke wa pasi. Viatu vilipombana aliona ngozi ya kiatu imesinyaa. Pumzi ilipomkata katikati ya sentensi, alijifanya anatafuta neno. Usiku mkewe alipolala, yeye alilala ameegemea mto, akiwa na utulivu wa mtu ambaye mtego wake umekaa sawa. Sidhani kama aliwahi kuwa na furaha hivyo tangu astaafu.

Jumapili iliyofuata alimwita shemeji.

“Leo tunapima,” alisema.

“Tunapima nini tena, shemeji? Hiyo kazi niliacha. Siku hizi nawaibia watu kwa maneno matamu tu.”

“Vuta mawe chini ya kitanda. Lete hapa.”

“Mbona hubebi mwenyewe?”

“Lete!”

Mwenye bucha alimtazama dada yake, akainua mabega, akaenda. Aliweka jiwe la kwanza juu ya mizani. Mshale ukasimama kwenye ishirini. La pili, arobaini. La tatu, sitini. Lile la nne alilishikilia lisidondoke huku akihema, kisha akaliachia taratibu, na mshale ukatua kwenye themanini kana kwamba umechorwa pale.

“Geuza,” alisema Jicho. Waliigeuza. Hapakuwa na sumaku, wala karatasi, wala skrubu iliyoguswa.

“Rudia.”

“Shemeji, mizani ni nzima. Unatafuta nini?”

Jicho alifungua mdomo ajibu, na pumzi haikuja. Mkewe akapiga magoti, akamvua kandambili. Alibonyeza mguu kwa dole gumba, akaliondoa. Shimo likabaki.

“Daktari alikuambia nini kuhusu kilo?” aliuliza polepole.

Ikabidi aseme, ya daktari na ya mtego wake. Aliyatoa maneno moja moja, kama mshtakiwa ambaye hakimu amemwambia ajisomee mashtaka mwenyewe. Alipofika kwenye “siku hiyo hiyo,” shemeji alikuwa tayari amembeba mgongoni anatafuta gari.

Walimwekea oksijeni, wakamchoma sindano za kutuliza vurugu, wakamkamua maji. Siku alipoweza kuketi, daktari alimwambia kwamba seli changa zilikuwa zimekomaa kundi kwa kundi, nyingi kuliko alivyotarajia.

“Dawa ilikuwa inafanya kazi, mzee. Ungekuja mapema tungekutuliza mapema, ukaendelea nayo. Kidogo tu tungekuzika ukiwa unapona.”

Daktari alipoondoka, mkewe alivuta kiti karibu.

“Ulikuwa tayari kufa ili unikamate,” alisema.

“Sikuwa nakukamata wewe. Nilikuwa namkamata kaka yako.”

“Mwanamume huyu!” Alicheka, halafu akawa analia, halafu akajifuta kwa upindo wa nguo. “Kwa hiyo mimi ulinionaje? Nimekaa na wewe nyumba moja, ukavimba mbele ya macho yangu, ukaniachia nishangilie.”

Alitazama mikono yake juu ya shuka.

“Wataniandikia vidonge vile vile,” alisema baadaye. “Wamesema nianze tena, taratibu. Nitakuwa napimwa.”

“Nitakupima mimi.”

“Na nikiona umekosea?”

“Utaona nimekosea. Utaona kila asubuhi,” mkewe alisema. “Lakini namba ya daktari ninayo mimi sasa, na yote aliyokuambia amenirudilia mimi, neno kwa neno. Mshale ukisogea nitampigia. Wewe baki hapo juu ya mizani, uendelee na uchunguzi wako.”